Mkono unawaka, kwapa limekufa ganzi: ufanye nini na maumivu ya neva baada ya operesheni ya saratani ya titi

Kidonda kimefunga, nyuzi zimetolewa, ule mrija wa maji ulishatoka kitambo, daktari kakuangalia kasema "safi kabisa", halafu unarudi nyumbani na blauzi ikigusa tu upande wa ndani wa mkono unahisi moto. Mtu akikupitia karibu unajikunja. Na cha ajabu hapo hapo panapowaka ukipabonyeza hupasikii sawasawa, pamekufa ganzi. Sasa mahali pasiposikia panaumaje? Karibu kila aliyepita huku kajiuliza hilo swali, na wengi wananyamaza nalo, wengine wanaogopa kuonekana wanadeka, wengine wanaogopa jibu lenyewe maana moyoni wameshajiambia ugonjwa umerudi.

Mara nyingi sio ugonjwa. Ni neva, yaani mishipa ya fahamu, na maumivu ya neva yana tabia zake ambazo ukizijua unaacha kupigana nayo kizembe. Na wala hauko peke yako: kuna uchunguzi mkubwa wa Denmark uliochapishwa 2009, wanawake zaidi ya 3,000 waliulizwa mwaka mmoja hadi mitatu baada ya operesheni, na 47 kati ya kila 100 walikuwa bado na maumivu, 58 kati ya 100 walikuwa na ganzi au hisia za ajabu ajabu kwenye ngozi. Walioonekana kuumia zaidi ni wenye umri chini ya miaka 40, waliotolewa tezi nyingi za kwapani na waliopigwa mionzi. Naandika "dada" humu lakini kaka naye asome, wanaume pia wanapata saratani ya titi na mkono unawaka vile vile.

Kwanza elewa kilichotokea

Kuna neva moja inachomoza katikati ya mbavu za juu, chini tu ya ubavu wa pili, inakatiza kwenye mafuta ya kwapa halafu inashuka kwenye ngozi ya upande wa ndani wa mkono kuelekea kiwiko. Kazi yake ni hisia tu, haiinui mkono wala haikunji vidole. Daktari akiingia kwapani kutoa tezi hiyo neva imelala katikati ya njia yake, saa nyingine inabidi ikatwe, saa nyingine inabaki ila imevutwa, na saa nyingine imepona vizuri halafu baadaye kovu likikaza linaibana. Hata aliyetolewa tezi moja mbili za kupimwa anaweza kuipata hii hali, ila kwa waliotolewa nyingi ndo zaidi. Neva ndogo ndogo za kifuani nazo zinakatwa titi likitolewa, ndo maana kifua kinakuwa na maeneo ya ganzi na maeneo yanayochoma yamekaa jirani kabisa.

Neva iliyojeruhiwa ni waya uliochubuka. Ujumbe wa kweli haupiti vizuri, hapo unapata ganzi, lakini wenyewe unatoa cheche bila kuulizwa, hapo unapata moto, shoti, sindano, vichomi, muwasho usiokunika. Ubongo ukisikia cheche kwa muda mrefu nao unaongeza sauti, mpaka kitambaa laini kabisa kinaonekana ni adui. Hiyo sehemu ya mwisho ndo tunayoweza kuifanyia kazi nyumbani, na ndo nitakayoikalia sana hapa chini.

Kuhusu muda nisikudanganye. Neva ikijirudi inakua kama milimita 1 kwa siku, na hapo ni kama mambo yanakwenda vizuri, kwa hiyo ukiona mwezi wa nne, wa sita, hisia bado zinabadilika badilika usishangae. Wengi wanaona shoti mpya na kutekenywa ndani kwa ndani wakati ganzi inapungua, inatisha lakini mara nyingi ni neva inaamka. Maumivu yakivuka miezi 3 ndo madaktari wanaanza kuyaita sugu, na hapo usisubiri tena, nenda ukaseme. Ganzi yenyewe kwa wengine inabaki kipande fulani maisha yote. Maumivu ndo yenye nafasi kubwa ya kupungua.

Hakikisha ni neva kweli

Kabla hujaanza mazoezi yoyote jiangalie, kwa sababu mkono baada ya operesheni hii unaweza kuumwa kwa sababu tano tofauti na kila moja ina dawa yake.

Ukinyoosha mkono ukaona au ukahisi uzi mgumu umekaza kutoka kwapani kushuka mkononi, saa nyingine mpaka kwenye kiwiko au chini zaidi, hiyo ni hali inayojulikana, inatokea wiki chache baada ya operesheni na kwa kawaida inalegea kwa kunyoosha taratibu na mikono ya mtaalamu wa fiziotherapia. Asije mtu akakuvuta huo uzi kwa nguvu mpaka ukatike. Mkono ukiwa mzito, umejaa, pete imebana, mkono wa nguo unaacha alama, huo ni uvimbe wa maji ya tezi na unataka matibabu yake mapema, ukikaa nao unazidi kuwa mgumu kushuka. Ganzi na kuchoma kwenye ncha za vidole vya mikono yote miwili na miguuni mara nyingi ni kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, hasa za kundi la paklitakseli, sio operesheni. Maumivu ya viungo asubuhi, magoti, vidole, kama unakunywa vidonge vya kushusha homoni basi waulize kuhusu hivyo vidonge. Na bega lililogoma kupanda pande zote, linauma ndani kwenye kiungo, hilo ni bega limeganda.

Halafu kuna mambo ya kwenda hospitali bila kupiga hesabu: mkono umekuwa mwekundu na wa moto na una homa ya 38 au zaidi, mkono umevimba ghafla, kifua kinabana na pumzi hazitoshi, mkono unapoteza nguvu, unaangusha vikombe, kuna kivimbe kipya kwenye kovu, kwapani au shingoni, au maumivu mapya ya mfupa yanayozidi kila wiki na hayajali umekaa au umelala. Mengi ya hayo yataonekana sio saratani, ila ya kupimwa ni ya kupimwa, huwezi kuyamaliza kwa taulo na pumzi ndefu.

Kuifundisha ngozi upya

Kwa maoni yangu hili ndo jambo linalodharauliwa kuliko yote, kwa sababu halina kidonge wala mashine, mtu akiambiwa "jipanguse na kitambaa" anaona kama kafukuzwa. Lakini fikiria unachofanya kila siku: unaulinda mkono. Unavaa nguo pana, unaubana mkono ubavuni, unalala upande wa pili, hakuna kinachogusa hiyo ngozi. Ubongo unachojifunza hapo ni kwamba mguso wowote ni hatari, na kadiri unavyozidi kukwepa ndo ngozi inavyozidi kuwa kali. Kazi yetu ni kuurudishia ubongo mguso mwingi wa salama, kidogo kidogo, mpaka uchoke kupiga kelele.

Usianze kabla kidonda hakijafunga kabisa, yaani hakuna gaga, hakuna maji yanayotoka, na kama unapigwa mionzi subiri ngozi iache kuchubuka.

Anza na ramani. Kaa mahali pa joto, vua, simama au kaa mbele ya kioo, chukua kidole na uanze mbali, kwa mfano upande wa nje wa mkono ambako kila kitu ni cha kawaida, halafu tembea nacho pole pole kuelekea ndani. Pale hisia inapobadilika weka nukta kwa peni. Rudia kutoka juu, kutoka chini kwenye kiwiko, kutoka kifuani. Ukimaliza unganisha nukta. Utashangaa, wengi wanadhani mkono mzima ni mgonjwa kumbe ni eneo lenye ukubwa wa kiganja na katikati yake kuna kisehemu kama sarafu ndo kikali kweli kweli. Piga picha, baada ya wiki kadhaa utalinganisha.

Sasa chukua kitambaa laini kuliko vyote ulivyonavyo, hariri au satini. Anza nje ya mstari. Panguza kwa mwendo mmoja, mkono umetulia, unabonyeza kidogo, na hapa sikiliza vizuri: usipapase. Mguso mwepesi wa kutekenya ndo unaochokoza neva kuliko mguso uliokaa vizuri, hii watu wengi hawaijui wanaanza kwa kupapasa kwa woga wanaungua wanaacha. Kiganja kizima, kitambaa kimelala, unapita. Pumua nje wakati unavuka mstari kuingia eneo kali. Macho yawe kwenye mkono, usiangalie TV, ubongo uone kwamba ni kitambaa tu. Pita na mkono wa pili sehemu ile ile ili ukumbuke hiki kitambaa kinatakiwa kuhisiwaje, halafu rudi upande mgonjwa. Dakika 5 zinatosha, mara 3 au 4 kwa siku, na ni bora hizo dakika 5 mara nne kuliko nusu saa ya kujikaza kisabuni mara moja halafu siku tatu hutaki hata kuliona shati.

Kipimo ni hiki. Kama 0 ni hakuna na 10 ni kilio, ukifanya ibaki chini ya 4 hivi, na ukiacha itulie ndani ya nusu saa. Ikipanda na kukaa juu mpaka jioni umezidisha, kesho rudi kitambaa cha nyuma au kaa pembeni ya mstari. Kitambaa kikishakuwa hakina habari tena, yaani unapita unafikiria mambo mengine, panda ngazi: pamba laini, flana, taulo iliyotumika sana, taulo mpya, kitambaa cha suruali ngumu. Maji ya bomba la mvua nayo ni zoezi, anza yakiwa ya uvuguvugu na yanaanguka pole begani yanashuka yenyewe, baadaye ndo uyaelekeze. Wengine wanatumia mgongo wa mswaki wa umeme kwa mtetemo, ila huo uache mpaka taulo imeshazoeleka. Jipe wiki sita hadi nane kabla hujasema haifanyi kazi, na linganisha picha ya ramani, usiulize tu hisia za leo maana siku mbaya inafuta kumbukumbu ya siku kumi nzuri.

Muwasho wa mahali penye ganzi, ule wa kukuna na kucha usisikie kitu, nao unafanyiwa hivi hivi. Bonyeza kwa kiganja kizima uhesabu mpaka kumi, au weka kitambaa baridi kidogo. Kucha hapana.

Mkono utembee

Mkono usiotembea unakaza, kovu linashika chini, neva inakosa nafasi ya kuteleza, na kila ukinyoosha inavutwa. Kwa hiyo kuutunza mkono kwa kuuacha ukae ni kuuchimbia shimo. Kwa kawaida unaanza mapema sana, siku ya kwanza ya pili tu baada ya operesheni, kwa mambo madogo: kuzungusha mabega, kufunga na kufungua ngumi, kukunja kiwiko, kuvuta pumzi ndefu mpaka kifua kijae. Wiki ya kwanza au mpaka mrija utoke wengi wanaambiwa kiwiko kisivuke usawa wa bega. Kama ulitengenezewa titi jingine siku hiyo hiyo, sheria zako ni tofauti, fuata za daktari wako sio za hapa.

Baadaye ndo unaanza ukuta. Simama umeutazama ukuta, weka vidole usawa wa kiuno, vitembeze kupanda mpaka pale panapovuta lakini hapajachoma, kaa hapo uhesabu mpaka tano, shuka kwa vidole vile vile usiuangushe mkono. Mara tano mpaka kumi. Weka alama ndogo ya penseli ukutani. Halafu geuka, ukuta ubaki ubavuni, rudia, huu upande ndo mgumu. Ukilala chali unaweza kushika fimbo kwa mikono miwili ukaipeleka juu ya kichwa, mkono mzima unaubeba mgonjwa.

Kuna na zoezi la kuitelezesha neva: nyoosha mkono pembeni usawa unaoweza, kiganja kiangalie juu, kiwiko kinanyooka taratibu mpaka uhisi kamvuto kwa ndani, ukikahisi tu rudi, kunja, rudia. Hapa hakuna kushikilia na kuvumilia. Msuli unapenda kunyooshwa ukakaa, neva haipendi, inataka kwenda na kurudi.

Kama ulipigwa mionzi usiache mazoezi siku mionzi inapoisha, ngozi na nyama za chini zinaendelea kukaza kwa miezi, hata miaka, na wengi wanaona bega linakaza wakati walishasahau.

Kovu nalo linataka kusuguliwa, likishafunga kabisa na daktari karuhusu, mara nyingi wiki chache baada ya operesheni. Vidole viwili vimelala, mafuta yasiyo na harufu, husugui juu ya ngozi unaisogeza ngozi juu ya kilicho chini yake, juu chini, kulia kushoto, viduara vidogo. Ukifika mahali pamegoma kusogea kaa hapo kidogo. Dakika 5 asubuhi na jioni. Na kama kuna sehemu moja ukiigonga kwa kidole inapiga shoti inayokimbia mkononi au kifuani, ikumbuke vizuri ilipo, ukamwonyeshe daktari kwa kidole kimoja. Inaweza kuwa ncha ya neva iliyokatwa imejikunja ikafanya fundo, na hilo fundo linaweza kuchomwa sindano ya ganzi au hata kutolewa, ila hakuna atakayelijua usipoonyesha.

Nguo, kulala, na hatari za mahali pasiposikia

Geuza fulana, mshono uwe nje. Ni jambo dogo la kuchekesha lakini ule mshono wa kwapani ndo mchokozi mkuu, na ukivaa fulana nyembamba iliyobana kidogo chini ya nguo nyingine utaona afadhali kuliko nguo pana inayopeperuka, sababu ni ile ile ya kupapasa: nguo pana inapapasa siku nzima. Sidiria isiyo na waya, mkanda mpana, inayofungukia mbele. Mkoba uhamie bega la pili. Kwenye gari weka kimto kidogo kati ya mkanda na kifua. Usiku mto mwembamba chini ya mkono au umekumbatiwa, mkono usilale umening'inia mbele ukavuta kwapa.

Mahali penye ganzi panaungua bila kukuambia. Chupa ya maji ya moto usiiweke hapo, barafu nayo usiiweke moja kwa moja, jua la mchana funika, maji ya kuoga pima kwa mkono wa pili usio na ganzi. Kwapa lisilosikia usilinyoe kwa wembe wa kawaida, mashine ya umeme ni salama zaidi, na ulitazame kwenye kioo maana kidonda kidogo hapo ni mlango wa maambukizi, hasa kwa aliyetolewa tezi nyingi.

Dawa, na jinsi ya kuziomba

Ukienda ukasema "mkono unauma" utapewa parasetamoli au ibuprofeni utarudi nyumbani. Hizo zinasaidia maumivu ya kidonda wiki za mwanzo, kwa neva haziwezi sana, na kuzidisha hakuongezi kitu, parasetamoli kwa mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa saa 24 na wenye shida ya ini au mwili mdogo ni chini ya hapo. Kwa hiyo nenda na maneno yanayofanana na kinachotokea: inawaka, inapiga shoti, nguo ikigusa inauma, pana ganzi, usiku inazidi. Andika siku kadhaa kwenye daftari, saa ngapi, ngapi kati ya 10, ulikuwa unafanya nini, umelala saa ngapi. Uliza moja kwa moja: "Je haya ni maumivu ya neva, na kuna dawa za neva zinazonifaa?" Hilo swali linabadilisha mazungumzo kabisa.

Dawa za neva nyingi zilianza kwa kazi nyingine kwa hiyo usishtuke ukisoma karatasi ndani ya boksi. Amitriptilini ni dawa ya zamani ya sonona, kwa neva inatolewa kwa dozi ndogo usiku, mara nyingi inaanzia miligramu 10, inakausha mdomo, inaleta usingizi na choo kigumu. Gabapentini na pregabalini ni za kifafa, zinaweza kuleta kizunguzungu na kujaza miguu, zinapandishwa taratibu na zikiachwa zinashushwa taratibu pia, usikate ghafla hata ukijisikia umepona. Duloksetini nayo ipo. Zote hizi hazifanyi kazi kama kidonge cha kichwa, unazipa wiki mbili mpaka nne kwenye dozi inayotosha ndo unahukumu. Ukizianza usiendeshe gari mpaka ujue zinakufanyaje, na pombe iweke mbali.

Hapa pana mtego ambao kila anayekunywa tamoksifeni lazima aujue. Tamoksifeni ikifika kwenye ini inabadilishwa kuwa dawa yenye nguvu, na kuna dawa za sonona zinazuia hiyo kazi ya ini, paroksetini na fluoksetini zinazuia sana, duloksetini inazuia kiasi, venlafaksini inazuia kidogo tu. Daktari wa maumivu na daktari wa saratani sio kila siku wanaongea, kwa hiyo wewe ndo unasema: "Nakunywa tamoksifeni, hii inaingiliana nayo?" Sema kabla hajaandika. Na kama tayari unakunywa mojawapo usiache mwenyewe, piga simu uulize.

Zipo na za kupaka na kubandika. Plasta ya lidokeini ya asilimia 5 inabandikwa juu ya eneo lenye ngozi nzima, inakaa kwa muda wa masaa 12 halafu inatolewa kwa masaa 12 mengine, inawafaa wanaoumia eneo dogo linalojulikana. Krimu ya kapsaisini, ile ya pilipili, inapakwa mara 3 au 4 kwa siku kwa wiki kadhaa, na siku za mwanzo inaunguza kweli, vaa glavu, nawa kwa sabuni, usiguse macho, usipake ukitoka kuoga maji ya moto wala kwenye ngozi iliyochubuliwa na mionzi. Mimi naona ni dawa ya mwenye subira na asiyekuwa na mtoto mchanga wa kubeba. Ikishindikana kote kuna kliniki za maumivu, wanachoma sindano za kuzuia neva, wanabandika kapsaisini kali ya asilimia 8 wenyewe chini ya uangalizi. Dawa za jamii ya mofini zinaweza kutumika kwa muda mfupi hali ikiwa mbaya, lakini kwa maumivu ya neva ya muda mrefu sio za kukimbilia kwanza.

Watu wa nyumbani, titi lisilokuwepo, na siku mbaya

Kukumbatiwa ndo pagumu. Mtu anakuja na mapenzi yake yote anakubana hapo hapo, unaruka, anajisikia vibaya, mara ya pili hakugusi tena kabisa. Mwambie mapema: njoo upande huu, mkono wako weka hapa mgongoni, nishike kwa kiganja kizima usinipapase. Mtoto mwonyeshe kwa kidole mstari usiovukwa, watoto wanaelewa haraka kuliko wakubwa. Kwa mume au mpenzi, ile ramani ya peni inasaidia kuliko maelezo ya usiku kucha, anaona kwa macho wapi sawa na wapi bado. Ukimya hapa ni mbaya, mficha maradhi kilio humuumbua, na huyu mtu asipoambiwa atadhani amekataliwa yeye.

Kuna wanaosikia titi ambalo halipo, chuchu inawasha, uzito upo, saa nyingine maumivu. Sio kichaa. Ubongo bado una ramani ya zamani ya mwili. Wengine wanapata nafuu kwa kukiangalia kifua kwenye kioo huku wanakipitisha kiganja pole pole, na zile dawa za neva za juu zinasaidia hapa pia. Mwambie daktari waziwazi, "titi lililotolewa linaniuma", usiogope kuchekwa.

Siku mbaya zitakuja hata ukiwa umefika mbali, hasa baada ya baridi, kukosa usingizi, mawazo mengi ya majibu ya vipimo, au siku uliyojisikia mzima ukadeki nyumba yote kwa mkono mmoja. Siku hiyo usipime maendeleo. Vaa ile fulana ya kubana, mkono juu ya mto, pumzi ndefu za kutoa kuliko kuingiza, joto la kitambaa cha uvuguvugu mahali panaposikia, begani au mgongoni, kunywa dawa zako kwa muda wake usiruke. Zoezi la kitambaa lisiachwe kabisa, shuka tu mpaka hariri, fanya dakika mbili pembeni ya mstari. Ukuta panda nusu ya alama ya jana. Siku mbili tatu kwa kawaida inashuka, hapo unarudi kwenye ngazi uliyokuwepo. Isiposhuka ndani ya wiki mbili, au imekuja na uvimbe, wekundu au udhaifu wa mkono, chukua daftari lako na picha za ramani uende usisubiri tarehe ya kliniki.